Kitabu Kipi cha Umeme na Sumaku? Mjadala wa Sauti Nne

Wanafunzi wengi waliofanya vizuri katika mekanika hukwama wanapofika kwenye umeme na sumaku, na sababu si uvivu. Katika mekanika mwanafunzi husoma habari za vitu anavyoviona: mpira unarushwa, gari linafunga breki, jiwe linaanguka. Katika umeme anaambiwa kwamba nafasi tupu inayoizunguka chaji ina kitu ndani yake, kwamba kitu hicho huitwa uga, na kwamba kila nukta ya nafasi hiyo ina ukubwa wake wa uga na mwelekeo wake. Haoni, hagusi, na hesabu za kukieleza ndiyo kwanza anakutana nazo. Hapo kitabu huamua mengi. Kuna kitabu kitakachomfanya auone uga huo akilini, na kuna kitakachomwachia orodha ya fomula za kukariri.

Hoja ya mjadala ni hii: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, mwenye muda wa kusoma kitabu kimoja hadi mwisho, achague kipi? Nimezipa hoja zinazopingana sauti nne: mwanafunzi mwenyewe, mhadhiri wa fizikia, injinia wa umeme, na mwalimu wa fizikia wa kidato cha tano na cha sita.

MWANAFUNZI: Mimi naona jibu lipo tayari. Kila aliyenitangulia chuoni ananiambia nisome Introduction to Electrodynamics cha David Griffiths. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1981 na hadi leo matoleo mapya yanaendelea kutoka. Nimekipitia. Mwandishi anazungumza na msomaji, anamwonya mapema palipo na mtego, na sura nzima ya kwanza ameitenga kwa ajili ya hesabu za vekta. Kama kila kitu kimo ndani ya jalada moja, nihangaike na kingine kwa nini?

MHADHIRI: Sifa zote ulizokipa kinazistahili, binti yangu. Lakini wanaokushauri hivyo wako mwaka wa tatu. Wanakikumbuka kitabu kilichowafumbua macho, wamesahau walichokuwa wanakijua kabla hawajakifungua. Griffiths alimwandikia mtu aliyekwisha pita kozi ya mwanzo: anajua kapasita ni nini, amehesabu mikondo katika saketi, kanuni ya Gauss si ngeni kwake. Anamchukua kutoka hapo na kumjenga upya. Ndiyo maana saketi humo zimeguswa kwa kupita tu. Sura ya kwanza nayo humfaa aliyeanza kalkulasi ya vekta akahitaji kuikamilisha. Asiyewahi kuiona huishiwa nguvu katika kurasa zile, akaondoka akiamini umeme umemshinda, kumbe hata chaji ya kwanza hajaifikia.

MWALIMU: Hao nawajua, maana wanatoka darasani kwangu. Kijana anamaliza kidato cha sita na Advanced Level Physics cha Nelkon na Parker mkononi. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1958 na kimelea vizazi na vizazi vya wanafunzi wetu. Kinamfundisha vizuri kupima, kuchora saketi, kutumia galvanomita. Lakini kalkulasi aliyo nayo ni ya kigeu kimoja. Hajawahi kuulizwa kitu kinabadilikaje upande wa kulia, wa juu na wa mbele kwa wakati mmoja. Ukimpa Griffiths siku ya kwanza, umemruka hatua.

MWANAFUNZI: Basi, Dokta, nipe hicho cha hatua inayorukwa.

MHADHIRI: Electricity and Magnetism cha Edward Purcell. Purcell ni yule aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1952 pamoja na Felix Bloch kwa kazi yao juu ya usumaku wa viini vya atomu, kazi ambayo leo hospitali zinaitumia kupiga picha za ndani ya mwili. Kitabu chake kilitoka mwaka 1965 kama juzuu la pili la mfululizo wa Berkeley, ulioandikwa kwa ajili ya wanafunzi wanaoanza chuo. Hesabu za vekta anazifundisha palepale zinapohitajika. Katika sura ya pili, akiwa anaeleza potensheli, anakuonyesha jinsi ya kupima kiasi cha uga kinachomiminika kutoka katika nukta na kiasi kinachoizunguka. Unajifunza hesabu ukiwa na sababu ya kuijua.

INJINIA: Naomba nipinge. Dokta anazungumza kama vile kila anayesoma umeme atakuwa mwanafizikia. Darasa la mwaka wa kwanza limejaa watakaofanya kazi kwenye vituo vya kupozea umeme, kwenye simu, kwenye mitambo ya hospitali. Hawa wanahitaji kuhesabu bila kukosea na kujua vipimo vyao. Matoleo mawili ya kwanza ya Purcell, la mwaka 1965 na la 1985, yanatumia mfumo wa Gauss, ambamo sheria ya Coulomb haina namba ya mbele na chaji haipimwi kwa kulombi. Hakuna mita ya fundi yeyote inayosoma hivyo. Mimi nampa mwanafunzi University Physics cha OpenStax, cha Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Kilitoka mwaka 2016 kwa juzuu tatu, na la pili ndilo lenye umeme na sumaku. Ni bure, ni halali, kinafunguka kwenye simu, na kina mifano iliyofanywa hatua kwa hatua. Anayetaka cha kununua, vitabu vilivyotokana na kile cha Halliday na Resnick cha mwaka 1960 vinafuata njia hiyohiyo.

MHADHIRI: Hoja ya vipimo ilikuwa na nguvu hadi mwaka 2013. Mwaka huo David Morin alitoa toleo la tatu la Purcell, akahamishia kitabu chote kwenye mfumo wa SI na kuongeza mamia ya mazoezi, mengi yakiwa na majibu kamili. Ukiona nakala ya zamani maktabani, iache kwanza. Hesabu zake ni sahihi, ila mwanzoni zitakuvuruga.

INJINIA: Na hata vitabu vya SI, mwanafunzi aangalie mwaka. Vya kabla ya Mei 2019 vitamwambia kwamba ampea imefafanuliwa kwa kani kati ya nyaya mbili zilizo umbali wa mita moja. Siku hizi ampea inatokana na chaji ya elektroni, ambayo thamani yake imewekwa kuwa kamili. Kwa mazoezi ya mwaka wa kwanza majibu hayabadiliki, lakini maana imebadilika.

MWANAFUNZI: Nisikilizeni kidogo. Kila mmoja anakisifia chake. Naomba niwape swali moja, kila kitabu tukipime kwalo. Nyumbani tuna birika la umeme la wati 2,300. Umeme wa ukutani ni volti 230, kwa hiyo birika linavuta ampea 10. Nataka kitabu kinieleze nishati inafikaje kwenye yale maji.

INJINIA: Swali zuri, na lina ugumu kuliko linavyosikika. Chukua waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ule tunaoupeleka kwenye soketi. Kila mita yake ina takriban kulombi 34,000 za elektroni zinazoweza kutembea. Ampea 10 ni kulombi 10 kwa sekunde, kwa hiyo elektroni hujongea kwa wastani wa milimita 0.3 tu kwa sekunde. Tena mkondo wa nyumbani hubadili mwelekeo: unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Kwa hiyo elektroni husogea kiasi cha maikromita moja hivi kutoka mahali pake, kisha hurudi. Iliyo ukutani haifiki kwenye birika maisha yake yote.

MWANAFUNZI: Na maji yanachemka.

INJINIA: Yanachemka.

MWANAFUNZI: Basi nani anaibeba hiyo nishati, kama si elektroni?

MHADHIRI: Uga ndio unaoibeba. John Henry Poynting alionyesha mwaka 1884 kwamba palipo na uga wa umeme na uga wa sumaku kwa pamoja, nishati hutiririka katika nafasi yenyewe, na mwelekeo wake hupatikana kutokana na nyuga hizo mbili. Nishati ya birika lako husafiri nje ya shaba, katika nafasi inayozunguka nyaya, kisha huingia kwenye koili ya birika kupitia ubavuni. Waya unauongoza uga. Shaba yenyewe si bomba linalopitisha nishati.

MWANAFUNZI: Sasa niambieni ukweli. Kitabu kipi kinasema hivyo?

INJINIA: Nitakuwa mkweli. OpenStax kitakufundisha kwamba nguvu ni volti mara ampea, na utapata wati 2,300 bila shida. Lakini mtiririko wa nishati katika uga kinauleta mwishoni, kwenye sura ya mawimbi, kana kwamba ni habari ya nuru na redio tu. Msomaji hataambiwa kwa uwazi kwamba habari hiyo inalihusu birika lake pia.

MHADHIRI: Griffiths ndiye anayejibu moja kwa moja. Katika sura ya nane anachukua waya wenye mkondo, anahesabu mtiririko wa nishati kwenye uso wake, na anaonyesha kwamba kinachoingia kupitia ubavuni ni sawasawa na joto linalotoka. Richard Feynman naye, katika juzuu la pili la mihadhara yake, analifikia jambo hilo kwenye sura ya 27 na kukiri waziwazi kwamba picha hiyo inashangaza.

MWANAFUNZI: Kwa hiyo Griffiths ameshinda!

MHADHIRI: Ameshinda kwa aliyefika sura ya nane. Ili uelewe jibu lile unahitaji kuona uga wa umeme kuwa kitu halisi, uga wa sumaku kuwa kitu halisi, na hivyo viwili kuwa pande za kitu kimoja. Kitabu cha kuanzia ni kile kitakachokufikisha kwenye jibu ukiwa unaliamini. Sikia anachofanya Purcell katika sura ya tano. Anakuchukulia waya wenye mkondo na chaji inayotembea sambamba nao. Kisha anakutaka uitazame hali ileile ukiwa unasafiri pamoja na chaji. Kwa nadharia ya uhusianifu ya Einstein ya mwaka 1905, urefu wa vitu vinavyosogea hupungua kwa anayevitazama. Msongamano wa chaji hasi na wa chaji chanya ndani ya waya haulingani tena, na waya uliokuwa hauna chaji unaonekana kuwa nayo. Kani tuliyoiita ya sumaku inageuka kuwa kani ya umeme iliyoonwa na mtu anayetembea.

INJINIA: Kwa milimita 0.3 kwa sekunde? Uhusianifu si wa vitu vinavyokaribia kasi ya nuru?

MHADHIRI: Ndipo penye uzuri wake. Kwa mwendo huo, athari ni sehemu moja katika trilioni trilioni. Lakini kumbuka chaji iliyomo ndani ya shaba. Kulombi moja na kulombi moja zikiwa umbali wa mita moja husukumana kwa kani sawa na uzito wa karibu tani laki tisa, na kila mita ya waya wako ina kulombi 34,000. Kani hizo hatuzihisi kwa sababu chanya na hasi zimelingana. Athari ndogo mno ya uhusianifu, ikizidishwa kwa kani kubwa kiasi hicho, inatoa niutoni 0.00002 kwa kila mita kati ya nyaya mbili za ampea 10 zilizo umbali wa mita moja. Piga hesabu mwenyewe: zinapatana. Koili za mota zinazungushwa na kani ya aina hiyohiyo. Mwanafunzi akishaliona hili, hatasema tena kwamba umeme na sumaku ni mada mbili.

MWALIMU: Nimekusikiliza, Dokta, na nimefurahi, lakini nina hofu. Oersted aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya mwaka 1820. Faraday akapata mkondo kwa kubadilisha usumaku ndani ya koili mwaka 1831. Milinganyo ya Maxwell ilichapishwa mwaka 1865, na Einstein akaja miaka 40 baadaye. Wewe unataka kijana ambaye hajawahi kushika dira karibu na waya aanze na Einstein. Ataelewa maneno; sumaku haitakuwa imemgusa. Michael Faraday mwenyewe hakuwa na hisabati ya juu. Alikuwa mwanagenzi katika karakana ya kujalidi vitabu jijini London, akajifunza umeme kwa kusoma vitabu alivyokuwa anavijalidi, kikiwemo cha Jane Marcet cha kemia, kilichoandikwa kwa mtindo wa mazungumzo. Mtu huyo ndiye aliyetupa wazo la mistari ya kani, yaani uga. Na Maxwell, bingwa wa hisabati, aliandika kwamba alikusudia asisome hisabati yoyote juu ya umeme mpaka amalize kwanza kusoma majaribio ya Faraday.

MHADHIRI: Mpangilio wa ugunduzi si lazima uwe mpangilio wa kuelewa, Mwalimu. Waliogundua walipapasa gizani. Hatuna sababu ya kumpapasisha kila anayekuja baada yao.

MWALIMU: Sikudai ampitie Oersted kwa miaka. Nadai betri, mita moja ya waya na dira, kazi ya jioni moja. Kitabu chochote mtakachokubaliana, asifungue sura yake ya sumaku kabla ya jioni hiyo.

MHADHIRI: Hilo nakubali, na nitaliweka kwenye kozi.

MWANAFUNZI: Na Feynman mbona mmempita haraka? Mihadhara yake naisoma bure mtandaoni.

MHADHIRI: Chuo cha Caltech kilianza kuiweka wazi mwaka 2013, na ni hazina. Aliitoa kwa wanafunzi wa miaka miwili ya kwanza kati ya 1961 na 1963. Lakini yeye mwenyewe, katika utangulizi, alieleza wasiwasi kwamba kwa wanafunzi wengi haikufanikiwa. Jingine ni kwamba juzuu lenyewe halina mazoezi. Utamaliza sura ukihisi umeelewa kila kitu, na hakuna kitakachokupima.

MWALIMU: Hapo umetaja jambo kubwa kuliko majina yote ya leo. Niruhusu nitoe zoezi. Weka chaji kwenye kona moja ya mchemraba. Ni sehemu gani ya uga wake inapita katika uso mmoja usioigusa chaji hiyo? Ukikimbilia integrali utatoka jasho. Ukiweka michemraba mingine saba ili chaji izungukwe pande zote, unapata mchemraba mkubwa wenye chaji katikati, na nje una nyuso ndogo 24 zinazofanana. Jibu ni moja ya 24. Zoezi la namna hii limo katika Purcell na limo katika Griffiths. Linamfundisha kijana kwamba kanuni ya Gauss ni ya kufikiria umbo la uga kabla ya kushika kalamu. Kitabu chenye mazoezi mia ya kuingiza namba kwenye fomula hakiwezi kumfikisha hapo.

INJINIA: Lakini mazoezi ya namba nayo yana kazi. Asiyeweza kuhesabu kani kati ya chaji mbili bila kukosea kipeo cha kumi hawezi kuaminiwa na mitambo ya umeme.

MWALIMU: Kweli. Anahitaji yote mawili. Ila mazoezi ya namba hupatikana bure kila mahali. Ya kufikiri ni adimu, na hayo ndiyo yanayofanya kitabu kistahili kununuliwa.

MWANAFUNZI: Mnanirudisha kwenye vitabu vinne, na mshika mbili moja humponyoka. Nifanyeje?

MWALIMU: Chukua viwili unavyovitilia shaka. Soma sehemu ya kanuni ya Gauss katika kila kimoja, kisha funga kitabu umweleze mwenzako ulichosoma, kwa Kiswahili, bila kutaja fomula hata moja. Baadaye fanya mazoezi matatu bila kuangalia majibu. Ukiyamaliza yote kwa wepesi, kitabu hicho kiko chini yako. Usipojua hata pa kuanzia, kiko juu yako kwa sasa. Kinachokufaa ni kile ulichoweza kukieleza, ukamaliza zoezi moja au mawili, na la tatu likakunyima usingizi.

Mjadala ukifika hapo, ni haki nami niseme nilipo. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejua kalkulasi ya kigeu kimoja na aliye tayari kufanya mazoezi kwa kalamu, kitabu kimoja cha kukisoma hadi mwisho ni Purcell na Morin, toleo la tatu. Sababu yangu ni ileile iliyojitokeza kwenye swali la birika: ndicho kinachoufanya uga kuwa kitu halisi mapema, kisha kinauunganisha umeme na sumaku kabla msomaji hajazoea kuvitenganisha. Tena hakikuacha saketi nje. Kina sura ya mikondo na sura ya mkondo geu, hivyo injinia wa kesho hatatoka mikono mitupu. Kalkulasi ikiwa bado inayumba, nusu mwaka wa OpenStax ni maandalizi ya heshima, na hakuna aibu kuanzia hapo. Griffiths asubiri mwaka wa pili au wa tatu, ambapo sura ya nane itasomeka kama jibu la swali alilolibeba mwanafunzi muda mrefu. Feynman asomwe jioni, baada ya mazoezi na kamwe si badala yake.

Vyuo vyetu navyo vina wajibu. Muhtasari wa kozi wenye majina matano ya vitabu bila maelezo haumsaidii mwanafunzi. Unamwachia uamuzi ambao hana bado ujuzi wa kuufanya. Mhadhiri aandike kando ya kila jina kinamfaa nani, kinadai hisabati ipi, na kinaanza kusomwa lini. Idara iweke maktabani nakala za kutosha za kile kimoja kikuu, badala ya nakala mojamoja za vingi. Na mwanafunzi akishachagua, asibadilishe kitabu kwa sababu sura fulani ni ngumu. Umeme na sumaku una sura ngumu katika kila kitabu kilichoandikwa kwa uaminifu, na anayeivuka sura hiyo kwa mazoezi yake mwenyewe ndiye anayebaki na fizikia baada ya mtihani.